Ama Mimi Huku ni Mzima wa Afya

Tuliosoma shule ya msingi miaka ya tisini tunakumbuka barua ya kirafiki. Anwani juu upande wa kulia, halafu: "Salamu nyingi sana. Dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali yako, ama mimi huku ni mzima wa afya." Hata ukiwa kitandani na malaria, unaandika u mzima. Malaria yenyewe inatajwa mstari wa tano, baada ya kuulizia mbuzi.

Nilidhani huo ni ugonjwa wetu peke yetu. Kumbe wakulima wa Marekani wa karne ya 19 walikuwa na wimbo uleule: nashika kalamu kuwajulisha kwamba sote hatujambo, tukitumaini mistari hii michache itawakuta nanyi hamjambo. Niliugundua mwaka jana, saa nane usiku, kwenye mapumziko ya kiwanda cha nyama ninakobeba boksi hapa Nebraska. Nilikuwa nasoma kwenye simu barua za familia ya Uriah Oblinger na mkewe Mattie. Zipo 318. Zenyewe zimetunzwa mjini Lincoln, na Maktaba ya Bunge la Marekani imeziweka mtandaoni, unasoma bure.

Uriah alitoka Indiana mwaka 1872 kufuata ardhi. Sheria aliyoisaini Rais Lincoln mwaka 1862 ilitoa ekari 160 kwa mtu atakayelipa ada ndogo, akajenga, akalima na kukaa hapo miaka 5. Mattie akabaki kwao na mtoto wao mdogo, Ella. Kipindi chote cha baridi mume anaandika kuhusu shamba na jinsi anavyowakumbuka, kwa stempu ya senti 3. Nani kati yetu hajawahi kuwa Uriah? Vumilia kidogo, mambo yakikaa sawa nitakuvuta.

(Ardhi hiyo "ya bure" ilikuwa na wenyewe. Miaka ileile, 1873 hadi 1875, Wapawnee, wenyeji wa asili wa nyanda hizi, walikuwa wanaihama Nebraska kwenda eneo ambalo leo ni Oklahoma. Nikipita huko na gari huwa nalikumbuka hilo.)

Mattie alimfuata mwaka 1873, akaandika kwao kwa furaha kwamba sasa yuko nyumbani kwake mwenyewe, ingawa nyumba ni ya udongo. Hapo ndipo aliponishika. Mimi ni mtu wa Mpwapwa. Bibi yangu alizaliwa ndani ya tembe, ile nyumba ya Kigogo ya udongo hadi paa, na akafia ndani ya tembe. Nyumba ya kina Oblinger ilikuwa binamu yake. Nyanda zile hazina miti, lakini majani yake yana mizizi iliyosukana kama mkeka, kwa hiyo walipasua ardhi kwa plau, wakakata vipande na kuvipanga kama matofali, na juu wakaezeka udongo uleule. Ndani kuna joto wakati wa baridi na ubaridi wakati wa jua. Mvua ikinyesha siku mbili, paa linaendelea kuvuja siku ya tatu. Nyoka anaweza kuchungulia darini. Kuni hakuna, basi watu wa nyanda zile walipikia magunzi ya mahindi na mavi makavu ya ng'ombe. Mgogo yeyote angeingia mle akauliza tu mtungi wa maji uko wapi.

Mattie hakuwa analalamika. Alikuwa anawahimiza ndugu zake waje, waache kupanga mashamba ya watu. Mwaka uliofuata, 1874, wakaja nzige. Walifunika jua kutoka Dakota hadi Texas, wakala mahindi, wakala mboga, watu wakasimulia kwamba walitafuna hata mipini ya majembe. Aina ile ya nzige imetoweka kabisa duniani; wa mwisho alionekana hai mwaka 1902.

Kuna jambo jingine la zama zile lililonichekesha hadi mwenzangu wa Kongo akaniuliza nimeona nini. Mpiga picha Solomon Butcher alianza mwaka 1886 kuzunguka Custer County, hapahapa Nebraska, akipiga picha familia mbele ya nyumba zao za udongo. Watu walitoa nje kila cha thamani: farasi, cherehani, hata tikiti maji. Mama mmoja, wa familia ya Hilton, hakutaka nyumba ionekane kabisa. Walibeba kinanda chao kizito hadi uani, wakapigwa picha nacho kati ya mifugo, ili marafiki wa mashariki waone kinanda wasione tembe. Picha yangu ya kwanza kutuma nyumbani nilisimama mbele ya gari la jirani.

Mattie alifariki mwaka 1880 wakati wa uzazi, na mtoto naye. Aliacha mabinti watatu. Ikabidi Uriah awaandikie wakwe zake Indiana. Barua hiyo nimeisoma mara moja, na sitairudia.

Baada ya hapo nilimpigia mama. Miezi minne nyuma nilikatwa kisu kiganjani kazini, nikashonwa nyuzi kumi na moja, na muda wote huo nilikuwa nampigia video za WhatsApp: mama shikamoo, mimi mzima, baridi tu. Safari hii nikamwambia. Akanyamaza kidogo, akasema, "Nilijua. Ulikuwa unapiga simu kwa mkono wa kushoto, picha inatetemeka." Kisha akanieleza habari ya presha yake, ambayo na yeye alikuwa ameificha tangu Januari.

Jumapili ya Agosti niliendesha hadi Fillmore County, walikokuwa na shamba lao. Nyumba za udongo sikuziona. Kuna mahindi tu, marefu kunipita, yamenyooka kama yamepimwa kwa kamba hadi macho yanachoka. Nikayapiga picha mahindi yale, bila gari, bila mimi, nikamtumia mama.

Jibu lilifika kesho yake asubuhi, sauti ya sekunde tisa. "Mazuri, mwanangu. Lakini shamba lote hilo mbona halina mtu? Nani anapalilia?"