Kitalu changu cha parachichi kilivyopata cheti kwenye ukaguzi wa pili

Wiki hii nimepigiwa simu na watu watatu, wote wakiuliza swali moja: "Ulimjua nani mpaka kitalu chako kikasajiliwa?" Sikumjua mtu. Nilikaguliwa mara mbili, ya kwanza nikafeli, ya pili nikapita, na cheti kimetundikwa stoo hapa kwangu Rungwe, si mbali na Tukuyu. Anayetaka aje akione.

Ushauri wa kwanza nilipewa na shemeji yangu, naye ana miche. "Shem, mwagilia vizuri, ile iliyonawiri ipange mbele, chinja na kuku. Wakaguzi wanaangalia majani." Nikamsikiliza. Ushauri ule ulinipotezea miche zaidi ya elfu moja, na hadi leo nikiukumbuka damu inachemka.

Mkaguzi alikuwa kijana, umri wa mwanangu wa pili. Aliniamkia, kuku akamkataa kwa adabu, akaomba ndoo ya maji. Mstari wa mbele hakuutazama hata kidogo. Alikwenda moja kwa moja mwisho wa kitalu, pale maji ya mvua yanapotuama (na mvua ya Rungwe mnaijua), akanyanyua kiriba kimoja, yaani mfuko wa nailoni wenye mche. Kikagoma. Mizizi ilikuwa imetoboa nailoni na kushika ardhi. Akakichana kwa wembe, akauzamisha mche ndooni na kuutikisa taratibu hadi udongo wote ukashuka.

"Mama, hebu tazama hapa."

Ile mizizi midogo, inayotakiwa kuwa myeupe kama uzi mpya, ilikuwa nyeusi. Akaibana kwa kucha na kuvuta, ganda likachomoka lote, akabaki ameshika kiuzi chembamba. Na huko juu majani yalikuwa bado ya kijani, yanang'aa!

Kisha akauliza vikonyo, yaani vijiti vya mti bora vinavyounganishwa (kubebeshwa) juu ya shina la kienyeji, nilivitoa wapi. Nikasema kwa jirani. Mti upi? Sikujua. Nilibebesha lini? Nikataja mwezi wa kukisia. Daftari? Sikuwa nalo. Akaandika fomu yake, akanielekeza nisiuze hata mche mmoja kutoka upande ule na niuteketeze wote. Tulichoma siku mbili, mimi na wanangu.

Nililia, sifichi. Lakini mtaalamu mmoja wa Uyole, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo kule Mbeya, aliniambia neno lililonitoa machozi na kunipa akili. Miti yote ya Hass, aina ya parachichi, duniani asili yake ni mti mmoja tu, wa bwana Rudolph Hass kule California, alioupatia hataza (haki ya kisheria ya mgunduzi) mwaka 1935. Ndiyo maana kikonyo lazima kijulikane kimetoka wapi: ukoo huo hauendelezwi kwa kupanda kokwa, unaendelezwa kwa kubebesha. Na mti ule mama wenyewe ulikufa mwaka 2002, kwa kuoza mizizi. Ugonjwa uleule niliouona kwenye ndoo yangu.

Basi nikaanza upya. Mianzi huku haina shida, nikajenga vichanja vya kimo cha goti ili kiriba kisiguse ardhi kamwe. Mianzi, misumari na fundi, kama laki tatu hivi. Udongo wa bondeni niliokuwa nikijazia viriba nikaachana nao.

Kokwa za kienyeji za kuoteshea mashina ya kubebeshea nilielezwa nizitie kwenye maji ya moto wa nyuzijoto 50 za Selsiasi kwa dakika 30, kuua vimelea. Mimi nikapima kwa kidole. Kokwa mia nne zikaiva kama viazi, hakuna hata moja iliyochipua. Mara ya pili nikaenda kituo cha kukusanyia maziwa, nikaazima kipimajoto chao, nikakaa jikoni na sufuria nikiongeza na kupunguza kuni dakika zote thelathini. Zile ziliota vizuri mno. Tafadhali, kidole si kipimo.

Sasa kuhusu vikonyo, na hapa ndipo ninapojivunia. Lebo za karatasi zililoana na kuoza ndani ya wiki mbili. Kalamu ya wino ikafutika kwenye viriba. Siku moja nipo kwa fundi cherehani nasubiri gauni, nikatazama roli zake za nyuzi ukutani. Nikanunua rangi tisa. Kila mti mama nikaupa rangi yake: uzi kwenye tawi la mti, uzi uleule kwenye kifurushi cha vikonyo, na uzi uleule shingoni mwa kiriba (usiufunge kwenye shina, unalikaba likinenepa). Daftarini rangi, mwenye mti, tarehe ya kukata na aliyebebesha. Nyekundu na ya chungwa zilipauka kwa jua zikafanana, hivyo ya chungwa nikaibadilisha kuwa nyeupe kabla mambo hayajachanganyika.

Alirudi kijana yuleyule. Akaosha mizizi ya miche mitano, yote myeupe. Akashika mche wa uzi wa zambarau. "Huu?" Nikafungua daftari. Akasema twende kwenye mti wenyewe. Tukatembea kama dakika ishirini, tukapanda kilima, na pale kwenye tawi uzi wa zambarau ukawa unapepea. Akacheka kwa furaha. "Ndaga fijo, mama," yaani asante sana kwa Kinyakyusa. Nami nikacheka.

Watu wanaona ni usumbufu. Sheria ya Mbegu ya 2003 ikisema mbegu haimaanishi punje tu, mche nao umo, na TOSCI, taasisi ya kuthibiti ubora wa mbegu nchini, wana haki ya kuuliza. Sheria ya Afya ya Mimea ya 2020 nayo imeleta TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, kwa upande wa magonjwa. Mkulima hupanda mche leo akisubiri miaka mitatu au zaidi aone tunda. Nina mteja mzee aliyeuziwa mahali "Hass" mia mbili; zilipozaa zikawa za kienyeji. Alinieleza huku ameshika kofia mkononi. Nani atamrudishia miaka ile?

Mkija kutazama, getini kuna beseni la maji ya mrututu, dawa ya shaba ya kuua vimelea. Kanyageni humo kwanza, viatu vyote viwili. Shemeji naye sasa anakanyaga, na wiki jana aliniuliza nyuzi nilinunua duka gani.