Butte, mji wa shaba na bahasha

Sisi tuliozaliwa Lubumbashi, Kongo, tumezoea kudhani kwamba shaba ni yetu peke yetu, na kwamba balaa zinazoandamana nayo ni zetu pia. Ndiyo sababu nilitaka kwa muda mrefu kufika Butte, katika jimbo la Montana nchini Marekani, nikaione nyumba ya William Andrews Clark, mfanyabiashara aliyetajirika kwa shaba ya mji huo katika karne ya 19, kisha akautafuta useneta kwa namna ambayo Wamarekani hawajaisahau.

Ya njiani si mengi. Basi la kutoka Salt Lake City lilichelewa kuondoka, nasi tukaivuka Idaho gizani. Nilijifariji kwa kukumbuka kwamba Clark mwenyewe, katika miaka ya 1860, alipita pande hizo na magari ya kukokotwa na wanyama, akinunua mayai na vyakula huko Salt Lake City na kuwauzia wachimba dhahabu wa Montana kwa bei aliyoitaka yeye. Baadaye akawa mwenye benki: aliwakopesha wenye machimbo, na waliposhindwa kulipa, machimbo yakawa yake. Biashara ya namna hiyo bado ina wafuasi mjini humo, maana katika nyumba ya wageni nilikofikia, bei niliyokubali kabla ya safari ilipanda mara mbili nikiwa nimesimama mbele ya karani, kwanza kwa kodi, kisha kwa ada ya usafi, na chumba chenyewe kilikuwa na kipasha joto chenye kelele nyingi na joto haba.

Nyumba ya Clark ilijengwa kati ya mwaka 1884 na 1888, ina vyumba 34, na leo mtu yeyote hulipa kiingilio akaingia. Mbao zimechongwa kila mahali, dari zimechorwa kwa mkono, madirisha ni ya vioo vya rangi, na orofa ya tatu kuna ukumbi wa kuchezea dansi. Mbele ya ngazi ndipo kiongozi wetu alipotusimulia habari ya bahasha. Enzi hizo maseneta wa Marekani hawakuchaguliwa na wananchi bali na bunge la kila jimbo. Mnamo Januari 1899, mjumbe mmoja aitwaye Fred Whiteside alisimama katika bunge la Montana akaonyesha bahasha zenye jumla ya dola 30,000, noti za dola elfu moja moja, akasema zimetoka kwa watu wa Clark ili kununua kura. Bunge lilistuka, likachunguza, na kabla mwezi haujaisha likamchagua Clark huyohuyo. Kamati ya Seneti ilipopendekeza asikubaliwe, alijiuzulu Mei 1900. Lakini gavana alikuwa amevutwa kwa hila hadi California, na siku ileile naibu wake akamteua Clark kukijaza kiti alichokuwa ametoka kukiacha. Gavana aliporudi alibatilisha uteuzi huo. Hata hivyo mwaka 1901 Clark alichaguliwa tena, akakaa katika Seneti hadi 1907.

Wageni wote walicheka, hasa palipotajwa naibu gavana. Mimi sikucheka sana, kwa kuwa kwetu Kongo maseneta huchaguliwa na wabunge wa majimbo hadi leo, na Machi 2019 kuapishwa kwao kulisimamishwa kwa muda kutokana na tuhuma za kura kununuliwa. Wamarekani walibadilisha katiba yao mwaka 1913 ili wananchi wapige kura wenyewe, na kisa cha Clark hutajwa miongoni mwa sababu.

Mzee mmoja kati ya wageni, mchimbaji mstaafu mwenye mikono mipana na kofia ya sufu, naye hakucheka. Tulipotoka aliniuliza nimetoka wapi, na nilipomtajia eneo letu la Katanga uso wake ulichangamka, kwa maana jina hilo alilijua kutokana na bei za shaba. Alinipakia katika gari lake dogo la mizigo akanizungusha mjini mchana kutwa. Alisema wachimbaji wa wakati ule waliwapigia kura wagombea wa bunge wa upande wa Clark wakijua vyema tabia yake, kwa sababu mwaka 1900 alikubali zamu ya muda wa saa nane katika migodi yake, ilhali kwingine watu walikuwa wakishinda chini ya ardhi kwa muda wa saa kumi. Alisema pia kwamba Clark aliujengea mji bustani ya burudani, Columbia Gardens, yenye farasi wa kuzunguka na maua ambayo watoto waliruhusiwa kuyachuma, na kwamba siku ya Alhamisi watoto walipanda tramu bure kwenda huko. Mzee mwenyewe aliwapanda farasi hao utotoni. Bustani ilifungwa mwaka 1973, machimbo yalipohitaji ardhi.

Nilimsikiliza nikamkumbuka marehemu baba, ambaye hadi mwisho wa maisha yake aliwatetea mabwana wa zamani wa mgodi kwa sababu ya posho ya unga, shule na hospitali, ingawa kikohozi alichoondoka nacho kazini hakukipata kwingine. Sikuwahi kukubaliana naye, na kwa mzee huyu pia sikukubali.

Kisha akanipeleka kwenye shimo. Liitwalo Berkeley Pit lilichimbwa kuanzia 1955 hadi 1982, miaka mingi baada ya Clark kufariki mwaka 1925, na pampu za kuondoa maji zilipozimwa likajaa maji makali yenye arseniki na shaba. Unapita katika njia ndefu iliyotobolewa ardhini, halafu ghafla unaliona ziwa chini yako, jekundu lililochanganyika na kahawia. Mwaka 1995 bukini 342 walitua humo wakafa, na mwaka 2016 wakafa maelfu, kwa hiyo wapo watu wanaolipwa kuwafukuza ndege kwa milio ya bunduki. Mzee alinionyesha upande ilikokuwa bustani. Hapakuwa na kitu cha kutazama ila kuta za mwamba.

Jioni tulikula chakula cha wachimbaji wa zamani, nyama na viazi ndani ya unga uliookwa, mfano wa sambusa kubwa kupindukia, iliyomwagiwa mchuzi mzito. Nilimweleza habari za maseneta wetu. Akaweka uma chini, akataka kujua bahasha ya Kongo huwa na kiasi gani. Nilimjibu kwamba ubunge sijawahi kuupata, hivyo hakuna aliyeniletea. Alicheka kwa mara ya kwanza siku ile, na bili ilipokuja, ghali kuliko nilivyotarajia, akaniachia niilipe.