Mzee wa kwenye treni ya TAZARA

Nilipanda TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi, Dar kwenda Mbeya. Baada ya Mlimba treni ikaanza kupanda milima, handaki baada ya handaki, na mzee aliyekaa mbele yangu akanyoosha kidole dirishani: "Mwanangu, hapa tulichimba na Wachina, tunakula pamoja, tunalala kwenye mahema."

Darasani tulikuwa na nadharia mbili za maendeleo. Ya Rostow, mwanauchumi wa Marekani, kwamba kila nchi hupita hatua zilezile mpaka ipae kiuchumi. Na ya utegemezi, aliyoitetea mwanahistoria Walter Rodney pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: utajiri wa Ulaya na umaskini wetu ni historia moja. Rodney namkubali hadi leo.

Ila China ilininyima usingizi. Ilipojenga reli hii ya kilomita 1,860 kwa mkopo usio na riba, kuanzia 1970, yenyewe ilikuwa nchi ya wakulima maskini. Mwishoni mwa 1978 ikaanza mageuzi. Familia vijijini zikapewa mashamba ya kulima kwa mkataba na kuuza ziada. 1980 Shenzhen ikawa eneo maalumu la kiuchumi. Mitaji ya nje ikakaribishwa, lakini ardhi haikufanywa mali ya watu binafsi, na benki kubwa zikabaki mikononi mwa dola. Na uchumi ukakua kwa kasi. Rostow hakuliona hilo, na watetezi wengi wa nadharia ya utegemezi waliamini nchi maskini haiwezi kuinuka hivyo ndani ya soko la dunia.

Yule mzee alishuka Makambako. Mpaka anashuka alikuwa bado ananieleza, kwa mikono yote miwili, walivyokuwa wakichanganya zege.