Tulivyopigania kozi yetu itambulike kuwa ya walimu wawili

Kozi yetu ya mbinu za utafiti wa afya tunaifundisha wawili: mimi mtu wa takwimu, mwenzangu muuguzi wa miaka mingi. Hatupokezani vipindi, tunaingia darasani pamoja. Siku moja nilikuwa ubaoni nikieleza data zilizokosekana kwenye rejesta ya kliniki ya wajawazito. Mwenzangu akadakia: "Hebu niambieni, foleni ni ndefu na muuguzi yuko peke yake. Nani ataondoka bila kupimwa uzito?" Wakaanza kutaja: aliyechelewa, aliyetoka mbali, aliyekuja na rufaa. Papo hapo wakaelewa kwamba data hazikosekani kwa bahati nasibu tu. Fomula zangu pekee zisingewafikisha pale.

Lakini kwenye mfumo wa chuo kozi ilibeba jina moja, la mratibu, yaani mimi. Saa zote zilikuwa zangu, na tathmini ya wanafunzi ilinihusu mimi tu. Mwenzangu alikuwa anajiandaa kuomba kupandishwa cheo, na kwenye faili lake kozi hiyo haikuwepo kabisa. Iliniuma sana.

Tukaanza na maandishi. Kabla ya semesta kufunguliwa tuliandika nani anaandaa nini, nani anatunga na nani anasahihisha. Uzito wa kozi hupimwa kwa krediti, na krediti 1 kwa Tanzania ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Kazi ya mwalimu haionekani humo, hivyo tuliweka hata muda wa kukaa pamoja kupanga kipindi. Ubishi ulizuka kwenye kikao cha idara: kipindi tulichoingia wote, saa igawanywe nusu kwa nusu? Nilikataa. Mwenzangu haondoki katikati ya kipindi. Nikatoa mfano wa Uingereza, ambako tuzo ya taifa ya ufundishaji ilianza mwaka 2000 kwa mtu mmoja mmoja, na mwaka 2016 ikaongezwa CATE, ya timu nzima, wakiwemo wasio wahadhiri.

Mkuu wa idara alikubali. Muhtasari wa kozi una majina mawili, kila mmoja anahesabiwa saa kamili, wanafunzi wanatutathmini kila mtu kivyake, na barua ya mgawanyo wa kazi imo kwenye mafaili yetu.

Bado fundi sanifu wa maabara ya kompyuta, anayetuandalia data za mazoezi. Mfumo haupokei jina lake kwa kuwa si mhadhiri. Barua yake ipo kwa mkuu wa ndaki, na ninaifuatilia.