Yule mama anayesugua rangi nyekundu

Jana usiku, watoto wakiwa wamelala, mimi na dada yangu tuliangalia We Need to Talk About Kevin sebuleni kwake, hapa Kirumba, Mwanza. Ni filamu ya mwaka 2011, imeongozwa na Lynne Ramsay. Tilda Swinton anaigiza Eva, mama wa kijana aliyeua wenzake shuleni kwa upinde na mishale.

Mauaji yenyewe huyaoni sana. Unachokiona ni mama aliyebaki. Nyumba yake imemwagiwa rangi nyekundu, naye anaikwangua na kuisugua, mikono yote imechafuka. Mwanamke anamzaba kofi barabarani. Mtu anapotaka kumsaidia, anakataa, anasema kosa ni lake. Hapo nililia. Mwishoni anamuuliza mwanawe kwa nini alifanya vile, na kijana anasema zamani alidhani anajua, sasa hana uhakika. Jibu hilo limenikosesha usingizi kuliko damu yoyote.

Dada anauza dagaa sokoni Mwaloni. Akasema taratibu, "Huyu mama angekuwa na meza jirani na yangu, nani angenunua kwake?"

Nikakumbuka mtaani kwetu. Kuna mama ambaye mwanawe alimchoma mwenzake kisu, na tangu siku hiyo nikimkuta bombani nageuza njia. Sikuwahi kumpa hata pole.

Leo asubuhi nimepita kwake. Alikuwa anaanua nguo, upepo wa ziwa umeshaanza. Nikamwambia, "Shikamoo mama." Alinitazama kwanza, kisha akaitika, akanisogezea kigoda.