Mtoto wa kilo sita na damu isiyojaza chupa

Mtoto wa kilo sita ana damu isiyojaza chupa ya maji ya nusu lita. Ukihesabu mililita 80 kwa kila kilo, unapata 480. Mimi ni daktari wa usingizi, na hesabu hiyo naifanya kwa kila mtoto, ila kwa upasuaji wa fuvu naiandika ubaoni kwa kalamu nyekundu ili na mpasuaji aione.

Huyu wa safari hii alikuja na miezi minne, kichwa kirefu kama mtumbwi. Mshono wa katikati ya fuvu ulikuwa umefunga mapema, kichwa kikakosa pa kutanukia ila mbele na nyuma. Mwaka uliotangulia tulimpasua mwenzake, akaishia kuongezewa damu ya watu wawili. Begi la kwanza lilikaa nje ya friji likapitisha muda unaoruhusiwa, yaani masaa manne, tukalitupa lingali limejaa zaidi ya nusu, tukafungua la pili. Lile begi lililotupwa liliniuma kuliko damu yote aliyoipoteza.

Basi mara hii nikaanza wiki sita kabla. Wingi wa damu, yaani himoglobini, ulikuwa gramu 9.6 kwa desilita. Kila mtoto damu hushuka yenyewe akifika miezi miwili mitatu, kwa hiyo wengi wangesema ni kawaida, tuendelee. Nikampa mama matone ya madini ya chuma na kumwonya kwamba choo kitakuwa cheusi. Siku ya tatu simu ikalia.

“Daktari, nepi imekuwa kama lami!”

“Si nilikwambia, mama?”

“Ulisema cheusi. Hukusema lami.”

Wiki sita zikaisha, kipimo kikasoma 11.4. Tulikubaliana tusiongeze damu hadi ishuke 7, mradi mapigo na presha viko sawa. Kwa 9.6, mtoto wa kilo sita angeweza kupoteza kama mililita 130 tu. Kwa 11.4 anafika 185. Nyongeza hiyo ni vikombe vidogo viwili vya kahawa ya barazani, nami niliipata kwa matone ya bei ya chini.

Siku yenyewe niliazima wodi ya wazazi asidi ya traneksamiki, ileile wanayopewa akina mama wanaotokwa na damu baada ya kujifungua. Inazuia bonge la damu lisiyeyuke upesi. Mpasuaji akachoma adrenalini, dawa inayokaza mishipa ya damu, chini ya ngozi ya kichwa na kusubiri, jambo ambalo wapasuaji hawalipendi. Akapaka nta kwenye kingo za mfupa. Mimi nikashughulika na joto, maana mtoto akipoa damu yake haigandi vizuri. Chumba kilikuwa cha moto hadi muuguzi akanitania kuwa tunaoka mikate.

Maabara nao nilibishana nao. Wamezoea kuvuta mililita mbili tatu kila kipimo. Vipimo vinne vya hivyo kwa mtoto huyu ni sawa na kumvuta mtu mzima mililita 100 bure. Tukatumia vichupa vya watoto vya nusu mililita.

Kila gozi, yaani kitambaa cha kufyonzea damu, iliyolowa tuliipima kwenye mizani ya jikoni, ya kupimia unga wa keki, tukatoa uzito wa gozi kavu. Gramu moja tunaihesabu mililita moja. Kukadiria kwa macho kunadanganya, hasa damu ikijificha kwenye mashuka. Mwisho tulipata mililita 160.

Begi la damu lilikuwa tayari kwenye friji muda wote, na ningelifungua bila aibu. Asubuhi kipimo kilisoma 7.4, mtoto ananyonya, mapigo mazuri. Begi likarudi benki ya damu halijaguswa.

Baba yake, aliyechangia damu wiki ile, akanishika korido. “Sasa damu yangu imekwenda wapi?”

Nikamwambia sijui, ila wodi ya wazazi usiku ule walikuwa wameomba chupa tatu.