Ushuhuda sitoi tena

Jumapili wameniita tena kanisani nitoe ushuhuda nikakataa, mchungaji naona hajapenda. Sio aibu, nshaongea sana hayo mambo. Tatizo watu wanataka ile sehemu chafu tu, ulilala wapi, uliiba nini, sindano ulijichoma wapi, wanapiga makofi na vigelegele, afu ukishuka pale mbele ukamwomba mmoja wao akudhamini upate fremu anakumbuka ana kikao.

Kwa wasionijua, mi nilikua teja. Unga nimeutumia miaka mingi hapahapa Moshi, Majengo mpaka Njoro, nikafungwa miaka mitatu kwa wizi nikatumikia miwili maana ukiwa na nidhamu unapunguziwa theluthi. Nilikua gereza la Karanga, na Karanga kuna kiwanda cha viatu, nikapangiwa huko, ndo nilikojua kukata ngozi na kubandika soli. Arosto, yale maumivu ya kukosa unga, ilinipiga sakafuni, miayo, makamasi, kuharisha, miguu inauma mpaka ndani ya mfupa, baada ya kama wiki hivi mwili ukatulia. Kichwa ndo kiligoma.

Sasa kuna kitu hamna mtu alituambia siku ya kutoka. Mwili ukikaa muda mrefu bila unga unausahau, hauna tena uwezo wa kuubeba, kwahiyo ukirudi kwenye kipimo chako kile cha zamani kinakukata pumzi. Nilitoka na mwenzangu mmoja wa Arusha, tukaagana stendi tunacheka, haikupita wiki napigiwa simu kakutwa amekufa, na alitumia kiasi kilekile alichokua amekizoea kabla hatujaingia ndani. Tangu hapo nikisikia kuna mtu katoka jela na alikua anatumia namtafuta wiki hiyohiyo. Namwambia habari ya kipimo kwanza, Mungu tutamwongelea baadae.

Watu wanasema eti nina moyo. Jamani, mchana ni mrefu sana kwa mtu aliyeacha! Teja ana ratiba kuliko mfanyakazi wa benki, asubuhi anatafuta hela, anatafuta kete ya unga, anavuta, anaanza upya, siku imeisha, ukiacha yote hayo yanaondoka kwa mpigo na unabaki na masaa tu, na kwenye hayo masaa ndo watu wanarudia. Mimi nikijua kuna dogo ananisubiri asubuhi kwenye kibanda cha viatu kule Mbuyuni tufungue kazi siwezi kupotea, kwahiyo nani anamsaidia nani hapo sijui. Hao madogo nawapa brashi, nawafundisha kushona kwa mkono, hela ya chakula ipo. Gundi naishika mwenyewe lakini, tusidanganyane.

Juzi kaja mama mmoja wa Pasua, nikamwamkia, akakaa kwenye stuli hata kiatu hana cha kutengeneza.

"Mwanangu, nimeambiwa wewe ulikua kama wa kwangu."

"Ndio mama."

"Nimfungie ndani?"

Wengi wanauliza hivyohivyo. Nikamwambia mama usimfungie, ataharisha atatapika ataishiwa maji mwilini na wewe utashindwa kumwangalia, afu siku akichomoka anakimbilia kete na mwili umeshalegea, ni yaleyale ya yule mwenzangu. Nikamweleza kuhusu methadoni, ile dawa ya kunywa ambayo Muhimbili walianza kuitoa 2011 na sasa imefika mikoa kadhaa, kwamba unakunywa kila siku mbele ya nesi na arosto haikusumbui mpaka kesho yake. Akauliza si ni kuhamia ulevi mwingine tu? Hata kwenye vikundi vyetu tunagombana juu ya hilo, kuna wenzangu wanaona anayekunywa dozi hajaacha. Mi niliacha bila dawa na simshauri mtu njia yangu, anayekunywa dozi akaenda kazini akarudi kwa mamaake akalala, huyo kwangu kaacha.

Amelia kidogo, kafuta uso na khanga, akatoa elfu kumi eti ya soda, nikamrudishia. Tumekubaliana Alhamisi amlete mwenyewe kama dogo atakubali, asimburuze, na hela ya nauli asimpe mkononi, bodaboda ntaimalizia mimi wakifika. Tutaanzia hospitali ya Mawenzi tukawasikilize wanatuelekeza wapi.

Viatu vya dogo nimeuliza, anavaa namba 42. Ipo pea moja mteja alinitelekezea, soli naibadilisha leo jioni.